Nilimjibu kwamba ningefanya kama yeye

Jambo sana Mama,

Mimi ni mwalimu wa historia na wa elimu ya uraia katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu, na huu ni mwaka wangu wa kumi na mmoja mbele ya ubao. Mke wangu anauza unga na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kadutu. Tuna watoto wanne, na mkubwa wao anajitayarisha kwa mtihani wa Taifa. Nakutajia hayo tangu mwanzo ili ujue ni mtu wa namna gani anayekuandikia, na kwa sababu utaona mbele kwamba niliogopa.

Mwishoni mwa mwaka wa masomo uliopita, tulipokutana kwa ajili ya deliberasio, kikao cha walimu cha kuamua nani amefaulu, prefe wetu, yaani mkuu wa shule, alituletea habari ya kijana mmoja ambaye baba yake alikuwa ameipatia shule mabati ya kuezeka vyumba viwili. Kijana huyo alikuwa amepata asilimia 38 kwa jumla, nasi tukaombwa tumfikishe kwenye 50. Karibu sote tuliongeza pointi bila kusema neno, nami nilimwongezea katika historia. Mwalimu wa hisabati peke yake alikataa. Hakupaza sauti wala hakumtukana mtu. Alisema tu kwamba kijana hajui hisabati, na kwamba akipandishwa darasa namna hiyo atazidi kutojua. Wiki iliyofuata ikaandikwa PV, yaani ripoti rasmi, iliyosema kwamba mwenzetu alipoteza karatasi za mtihani na kuwavunjia heshima wakubwa wake. Karatasi hazikupotea, Mama. Niliziona kwa macho yangu ndani ya kabati. Tuliitwa mmoja mmoja katika biro, ofisi ya prefe, tukatia sahihi watu kumi na wawili, na sahihi yangu ni ya nne. Mwenzetu alifukuzwa, na leo anaendesha pikipiki ya abiria kati ya Essence na Nyawera. Ninapoiona koti yake ya rangi ya kijani kwa mbali, huwa ninavuka barabara.

Hayo peke yake ningeendelea kuyabeba kimya. Lakini mwezi uliopita niliwafundisha wanafunzi wa mwaka wa nne habari za Floribert Bwana Chui, yule kijana wa Goma aliyekataa kuupitisha mchele ulioharibika, akauawa. Wasichana na wavulana walikuwa kimya, jambo ambalo si la kawaida saa sita mchana. Mwisho wa somo msichana mmoja, ambaye ndiye mwenye akili kuliko wote darasani, alisimama akaniuliza: "Mwalimu, na wewe ungekuwa pale mpakani, ungefanya nini?" Nikamjibu mara moja, bila hata kufikiri: "Ningefanya kama yeye." Darasa likapiga makofi.

Mama, tangu siku ile sahihi na makofi hayo vinanisumbua pamoja, na makofi yananiumiza zaidi. Nimeanza kuyakwepa masomo yanayohusu watu wa namna hiyo. Askofu Mkuu Munzihirwa nilimpita kwa sentensi mbili, hali ninaishi katika mji alimouawa. Nauliza mambo mawili. Je, mtu asiye tayari kufa ana haki ya kuwafundisha watoto habari za watu waliokufa kwa ajili ya ukweli? Na je, niende nikaseme kilichotokea, nipoteze kazi, nao watoto wangu wapoteze masomo? Naomba unijibu bila kunibembeleza.

Mwalimu, Kadutu


Ndugu Mwalimu,

Umeomba usibembelezwe, na nitaheshimu ombi lako, lakini kwanza niseme jambo moja ambalo ni kweli hata kama litakufariji. Mtu ambaye dhamiri yake imekufa angefurahia makofi yale na kulala usingizi. Wewe uliandika kurasa tatu kwa mkono, ukafuta, ukaandika tena, na alama za kufuta nimeziona.

Nianze na Bwana Chui, kwa sababu nadhani umemfundisha kama sisi sote tunavyomsimulia: tunakimbilia siku mbili za mwisho. Alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akaingia katika Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, ile OCC, na mwaka 2007 akapewa huko Goma kazi ya kusimamia bidhaa zilizoharibika. Hii ni kazi ya karatasi. Mtu anakaa mezani, analetewa shehena, anaikagua, na anatia sahihi kwamba inafaa au haifai. Mchele uliokuwa umeoza ulifika. Akapewa ahadi ya fedha ili aupitishe, alipokataa fedha zikaongezwa, na watu wenye uwezo wakamsukuma pia. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa, na tarehe 9 maiti yake ikapatikana. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri huko Roma, na miaka miwili kabla ya hapo Papa Fransisko alikuwa amemtaja mbele ya maelfu ya vijana waliojaa katika uwanja wa Stade des Martyrs mjini Kinshasa.

Sasa angalia alikuwa wapi kabla ya siku zile mbili. Alikuwa katika jumuiya ya Sant'Egidio, akishughulika na watoto wa barabarani wa Goma, wale ambao mitaani kwetu wanaitwa maibobo. Alikuwa akiwafahamu watu ambao wangeununua mchele wa bei ndogo bila kuuliza umetoka wapi, kwa sababu mwenye njaa hana nafasi ya kuuliza. Inajulikana pia kwamba jambo lile hakulibeba peke yake: alilizungumza na mtawa mmoja ambaye ni daktari. Kwa jinsi ninavyomwelewa mimi, swali lililokuwa mezani pake lilikuwa dogo kuliko lile unalojiuliza wewe usiku. Wewe unajiuliza kama uko tayari kufa. Yeye, naamini, alijiuliza ni nani atakayeula mchele huu. Swali la kwanza linamfanya mtu ajitazame mwenyewe mpaka achoke, na mwisho wake ni kukata tamaa, kwa kuwa hakuna mwenye akili timamu anayeweza kuliapia jibu lake akiwa ameketi nyumbani kwake. Swali la pili linamfanya amtazame mtu mwingine, na jibu lake linaweza kupatikana leo.

Lirudishe basi swali hilo shuleni kwako. PV ile uliyoitia sahihi, nani aliula mchele wake? Ni mwenzako, ambaye jina lake limechafuliwa kwa maandishi yenye sahihi za watu kumi na wawili waliomfahamu. Anaula mpaka sasa kila anapoomba nafasi katika shule nyingine na kuulizwa kwa nini alifukuzwa. Nimeona kwamba katika barua nzima umeniambia habari za koti yake lakini hukuniambia kama ana mke, kama ana watoto, wala kama watoto hao wanasoma. Sikuoneshi hilo ili nikutweze, Mwalimu. Nakuonesha mahali ambapo hofu imekufungia mlango, maana mtu tuliyemdhulumu huwa tunamwona kwa mbali, kwa rangi ya nguo yake.

Kuhusu haki ya kufundisha: ungeacha kufundisha habari za watu hawa, wanafunzi wako wangepata nini badala yake? Wangebaki na mfano wa PV. Kwa hiyo usiwapite. Ila uwafundishe kwa namna nyingine, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mji wetu una utajiri ambao tunauharibu kwa kuusimulia vibaya.

Mwaka 1996 nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Tuliishi Nguba, na usiku ule wa tarehe 29 Oktoba tulikuwa tumeuzuia mlango kwa meza ya chakula, watu tisa katika chumba kimoja. Asubuhi habari ikapita kutoka nyumba hadi nyumba: wamemuua Muzee, pale Nyawera. Mama yangu aliketi chini sakafuni. Kwa miaka mingi Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alikuwa kwangu mtu wa usiku ule tu, mtu wa kifo. Nilipokua ndipo nikajifunza kwamba miaka 25 kabla yake, mwaka 1971, utawala wa Mobutu ulipowaingiza wanafunzi wa chuo kikuu cha Kinshasa jeshini kwa nguvu, padri huyu Mjesuiti aliomba aandikishwe pamoja nao. Nikajifunza kwamba katika miaka ile ya mwisho aliwatetea wakimbizi wa Rwanda waliojaa Kivu tangu 1994, aliwatetea wenyeji waliokuwa wakitishwa na vita, na aliwakemea vilevile wanajeshi wa serikali ya Zaire waliokuwa wakiwapora watu. Yaani aliwaudhi wa kila upande. Mtu hafikii siku kama ile ya Nyawera kwa kuruka mara moja; huwa amekwisha kuzoea, kwa miaka mingi, kusimama kando ya mwenye kuonewa katika mambo ambayo bado hayajafikia kuua. Sema hilo darasani. Watoto wetu wanadhani ushujaa ni jambo la dakika moja, na kwa hiyo kila mmoja anaingojea dakika yake huku akiiba mtihani.

Umeniuliza kuhusu watoto wako wanne kana kwamba unaniletea kisingizio. Mimi sikiiti kisingizio. Ni sababu ya kweli, na mshauri anayekuambia uivunje kazi yako kesho asubuhi kwa ajili ya heshima ya nafsi yako, huku yeye akiwa amekwisha kula, usimsikilize. Tazama habari ya daktari wetu, Denis Mukwege, aliyewatibu wanawake waliobakwa katika hospitali ya Panzi. Tarehe 25 Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake hapa Bukavu, wiki chache baada ya kusema mbele ya Umoja wa Mataifa mambo ambayo wengi hawakutaka yasemwe. Mlinzi wake aliuawa, yeye akanusurika. Alifanya nini? Aliondoka nchini pamoja na familia yake. Sijapata kumsikia mtu wa Panzi akimwita mwoga kwa ajili hiyo. Kisha wanawake wa kisiwa cha Idjwi, wauza nanasi na vitunguu, wakaanza kukusanya fedha za tikiti yake ya kurudi, na tarehe 14 Januari 2013 alirudi, watu wakiwa wamejipanga njiani kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu. Ninapoifikiri habari hiyo, mawazo yangu hukaa zaidi kwa wale wauza nanasi. Ujasiri wa daktari ulihitaji mtu wa kuubeba, na waliobeba ni watu wenye kipato kama cha mke wako.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko. Ujumbe wake wa Noeli ya mwaka 1999 uliutaja wazi uporaji na mateso ya watu chini ya utawala wa vita wa wakati ule; Februari 2000 wakubwa wa RCD, waasi walioutawala mji wakati huo, wakamzuia asirudi Bukavu, wakampeleka Butembo. Watu wa mji huu walikataa kulizoea jambo hilo. Walidai arudishwe, miezi ikapita, nao wakaendelea kudai, hadi Septemba akarudi. Tarehe 4 Oktoba mwaka uleule alifariki huko Roma, moyo ukiwa umemshinda, hakuna risasi iliyomgusa. Nakutajia habari hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, si kila mjasiri huuawa, na unayeuliza kama ni lazima kuwa tayari kufa ujue kwamba mara nyingi gharama ni nyingine: upweke, kufukuzwa, kutukanwa, kuchelewa kwa mshahara. Pili, hakurudishwa na mtu mmoja bali na mji, na wewe pia huko peke yako: sahihi za PV yenu zilikuwa kumi na mbili.

Nafika sasa kwenye mambo ya kufanya, na nayasema kwa utaratibu ambao mimi mwenyewe ningeufuata.

Usianze kwa prefe, wala usianze darasani. Anza kwa mwenzako. Nenda nyumbani kwake, wala usimsimamishe barabarani akiwa na abiria nyuma, kwa sababu hapo atalazimika ama kukusamehe upesi ama kukutukana, na vyote viwili havitamfaa. Usiende na bahasha ya fedha. Atadhani unamlipa anyamaze. Mwambie maneno uliyoniandikia: karatasi niliziona kabatini, nami nikatia sahihi, na ya kwangu ni ya nne. Kisha unyamaze umsikilize hata kama ni saa mbili. Huenda akakufukuza, na akikufukuza ana haki. Lakini neno la muhimu kuliko yote utakalomwuliza ni hili: wewe unataka nini? Pengine anataka kurudi kazini. Pengine anataka tu karatasi inayosafisha jina lake ili apate nafasi katika shule nyingine. Pengine hataki shule isikike tena masikioni mwake. Ukienda kwa wakubwa bila kumwuliza, utakuwa umemtumia mara ya pili, safari hii kwa ajili ya kuituliza dhamiri yako.

Usiku uleule, kabla kumbukumbu haijachakaa, andika kwa mkono wako yaliyotokea: tarehe ya deliberasio, siku uliyoitwa katika biro, waliokuwapo, ulichokiona kabatini. Andika na pointi ulizomwongezea kijana katika historia, maana ukilificha hilo maandishi yako yote yatakuwa na tundu, na atakayetaka kuyaharibu ataingilia hapohapo. Weka nakala mahali pengine, nje ya nyumba yako.

Halafu watafute wale kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, ukianza na yule unayedhani naye halali usingizi. Naamini yupo. Wakipatikana hata watatu tu, mambo yanabadilika, kwa sababu shule inaweza kumfukuza mwalimu mmoja kwa urahisi kuliko kuwafukuza wanne katikati ya muhula, na kwa sababu sindika, yaani chama cha kutetea walimu, na inspekta wa elimu husikia barua ya watu wanne tofauti na malalamiko ya mtu mmoja. Zungumzeni na mtu wa sindika kabla ya kuipeleka barua popote. Na kama hakuna hata mmoja atakayekubali, bado una uwezo wa kumpa mwenzako ushuhuda ulioandikwa na wewe peke yako, autumie atakavyoona. Hapo ndipo utakapoipima hatari pamoja na mke wako. Usimfiche. Umeniandikia mimi nisiyekujua, na katika barua yako sikuona mahali popote panapoonesha kwamba yeye anajua habari ya PV. Anayesimama sokoni Kadutu tangu alfajiri anajua kuhesabu hasara kuliko sisi wawili, na watoto hao ni wake pia.

Kijana aliyepandishwa darasa nimemwacha nyuma, na sipendi kumwacha kabisa. Yeye hakuomba mabati ya baba yake. Kama bado yuko shuleni kwako, mwite baada ya saa za masomo umfundishe sehemu ya historia ambayo ulimpa pointi zake bure.

Na msichana aliyekuuliza swali. Usimngoje mpaka mambo yote yaishe, kwa maana yanaweza kuchukua mwaka, naye atakuwa ameondoka na jibu la uongo lililopigiwa makofi. Lakini usiligeuze darasa kuwa mahali pa kutubia. Watoto wa miaka kumi na sita hawapaswi kubeba siri za biro ya walimu, na prefe angepata sababu ya kukushtaki kabla hujaanza. Rudi kwenye somo la Bwana Chui. Waeleze kazi ya OCC, waoneshe kwamba yote yalikuwa juu ya sahihi moja, wasimulie habari za maibobo na za mtawa daktari. Kisha mgeukie uwaambie wote wasikie: "Siku ile uliniuliza ningefanya nini, nami nilijibu upesi mno. Jibu la kweli ni kwamba niliwahi kuombwa sahihi ambayo sikupaswa kuitia, na niliitia. Ninajaribu kulirekebisha sasa." Wakiuliza ni sahihi ya nini, waambie kwamba kuna mtu ambaye inakubidi uzungumze naye kwanza.

Kwa hiyo nenda kwake kabla ya somo hilo. Waendesha pikipiki wengi hupumzika Jumapili alasiri.